Viatu vya Jin Moja

Haidar alikuwa fundi wa makubadhi Unguja, tena fundi hasa, si wale wanaopaka gundi kisha wakakuombea dua. Mwaka 1998 alimfuata mkewe Hafidha mjini Guangzhou, alikopata nafasi ya kusomea udaktari, akajikuta amekaa chumbani, mtaa wa Xiaobei, mikono mitupu. Kula alikula, kulala alilala, kushona hakushona. Na fundi asiyeshona hununa hata mbele ya biriani.

Rafiki yao Ghalib, aliyekuwa akipeleka bidhaa Dar es Salaam, kila wiki alimwita aende kumfungia mizigo. Haidar akamwahidi mkewe kwamba mwezi ukiisha hajapata kazi ya ufundi wake, ataufungia msharasi wake wa kushonea sandukuni, aende kwa Ghalib, na ngozi asiitaje tena. Aliyasema hayo akitazama dirishani, kwa kuwa yalimuuma.

Siku kumi kabla ya mwezi kwisha, jirani yao wa ghorofa ya chini akaja kumlilia Hafidha shida yake. Bi Lin alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye heshima zake, lakini mchezo wa kuteleza kwenye barafu ulikuwa umempagawisha. Kila kitu alikiweza isipokuwa kuruka na kuzunguka mara mbili hewani, na bila mruko huo asingepokewa katika kikundi cha maonyesho. Viatu vya dukani vilimvuta chini kwa uzito. Hafidha hajamaliza kutafsiri, mumewe keshasimama.

Alimsimamisha Bi Lin juu ya gazeti, akauchora mguu kwa penseli, akapima kifundo kwa uzi. Kocha wake, Bwana Guo, alileta kikaratasi chenye uzito anaoutaka: kiatu kimoja, bila kisu cha chini cha kutelezea, 1. Moja ya nini, hakuandika.

Sasa hapa pana kisa. Haidar alipofika mji ule alinunua korosho sokoni akidhani jin ya Wachina ni kilo, kumbe ni nusu yake, na Hafidha akamcheka wiki nzima. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo kila uzito aliosikia aliuhesabu kwa jin, na ile moja akaisoma nusu kilo, wala hakuuliza.

Jikoni pakageuka karakana. Alitupa soli nene, akatupa misumari, kisigino akakichonga kwa gome jepesi. Ngozi ya ndama aliikata nyembamba, akaipanga mbili mbili, ya juu ikipishana na ya chini, na penye kifundo akapitisha ukanda ndani kwa ndani, vile alivyozoea kuitia nguvu gidamu ya kubadhi. Wali ulinuka gundi. Hafidha alikiinua kimoja akauliza kama ni kiatu au ganda la yai, naye Haidar akacheka, jambo ambalo mkewe hakuwa amelisikia tangu Ramadhani.

Jumapili ya majaribio, siku ya mwisho ya mwezi, kando ya uwanja wa barafu, Bi Lin alikuwa ameshafunga kamba wakati kocha alipouinua mguu wake na kukunja uso. Wakasemezana Kichina, Hafidha akageuka taratibu.

"Haidar, alitaka kilo. Kilo moja."

Haidar hakuiwazia tena kazi ya Ghalib, aliuwazia mguu wa yule mama ukivunjika kwa ujinga wake. Akasema mwambie avue, avue sasa hivi. Hafidha akatafsiri, na Bi Lin akajibu akiwa tayari ameinuka.

"Miaka minne nangoja mguu mwepesi. Sivui."

Akaingia barafuni. Mara ya kwanza alianguka, Haidar akafumba macho. Mara ya pili alipanda juu kuliko mwenyewe alivyotarajia, akazunguka moja, akazunguka mbili, akatua kwa mguu mmoja na kuteleza nyumanyuma huku akipiga kelele za furaha, mwalimu mzima wa hesabu. Watu wakapiga makofi. Haidar alikuwa analia na wala hakujificha.

Kocha alikwenda kuvikagua viatu. Alibonyeza kifundo, akavuta mshono kwa kucha, mshono haukutikisika. Kisha akaja moja kwa moja kwa Haidar. Sokoni kila Mwafrika mwenye begi huitwa laoban, yaani bosi, na Haidar alikuwa ameitwa hivyo mwaka mzima bila kuwa bosi wa kitu. Guo hakumwita hivyo. Alimwita shifu, neno ambalo Wachina humpa fundi aliyeiva, akaketi kwenye benchi akavua soksi.

"Shifu," alisema, "nipime na mimi."

Haidar akapiga magoti, akamwomba mkewe gazeti.