Kicheko cha Mzee Mdoe

Sabiri Mdoe alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa baba yake, nacho ni kicheko. Hakutaka shamba wala mbuzi, na radhi alikuwa nayo tayari. Alitaka mzee acheke mbele ya maiki, kidogo tu, ili akichukue kicheko hicho akakitie kwenye gemu. Mimi nimenunua na kuuza vitu vingi hapa Korogwe, vizima na vibovu, lakini bidhaa ngumu kupatikana kama hiyo sijawahi kuiona.

Naitwa Grasiana, wengi wananiita Mama Ritha. Nina duka la kompyuta za mtumba karibu na stendi, na nyuma yake kuna chumba cha gemu, viti vya plastiki na runinga ukutani. Baba yangu alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge Magoma, akafia huko huko. Mimi nilianza kwa kutembeza chaja za simu kwenye sinia. Hakuna aliyenishika mkono, na simlaumu mtu.

Siku Sabiri alipoingia dukani, jua lilikuwa linachoma mpaka lami inanata, naye amevaa jaketi zito, zipu imefungwa hadi shingoni. Mwembamba, macho ya njano. Nikamuuliza kama hilo jaketi analiuza.

"Mtu wa hapa angenisalimia kwanza," akasema.

"Mtu wa hapa ndiyo nani?"

"Mzigua. Mdoe wa Misima."

"Kumbe mtumwa wangu! Mimi Mnyamwezi, na sisi mali yetu hatuisalimii."

"Ahaa, Mnyamwezi." Akavuta kiti bila kukaribishwa. "Babu zenu walipita hapa na mizigo kichwani, wakasahau njia ya kurudi. Mpaka leo mko stendi mnaulizia gari."

Nilicheka. Utani wa Mnyamwezi na Mzigua ni wa zamani, tumeukuta. Unamtukana mwenzako asubuhi, jioni mnakula sahani moja, na akifiwa unakwenda kwake kumfanyia vituko msibani mpaka wafiwa wacheke, ndipo maiti itoke. Hiyo ni kazi ya mtani. Anayeikataa ni kama ameukata undugu.

Tukapatana. Yeye angekaa kutwa kwenye ile kompyuta yenye nguvu iliyo karibu na mlango wa nyuma, afanye mambo yake, na mimi angenitengenezea mashine zinazoletwa mbovu. Niliona wazi kuwa nimepata faida, nikanuna kama mtu aliyepata hasara.

Jaketi nililielewa baadaye. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Baridi ikimwingia kwenye viungo anaanguka, analia kama mtoto, na hana aibu nayo. Mlango wa nyuma wa duka unatazama milima ya Usambara, na juu huko ndiko Bungu. Alikuwa amepanda Bungu mara moja tu maishani, kwenye harusi ya binamu yake, akateremshwa amebebwa. Akawa anaitazama kila siku kutoka kwenye kiti, ukungu unavyoshuka na kupanda.

Kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa hii. Kuna gemu moja kubwa la panga, uchawi na mazimwi, dunia yake iko wazi, mchezaji anakwenda anakotaka. Waliolitengeneza wanaruhusu watu waliongezee nchi mpya. Sabiri na wenzake wa mtandaoni, kiongozi wao mwanamke mmoja wa Ulaya anaitwa Catherine, walikuwa wanatengeneza nyongeza: nchi iliyo ng'ambo ya mto, pale ambapo ramani ya zamani iliishia kwenye moshi mtupu. Wengine walipewa miji na bahari. Sabiri alipewa bonde moja. Akaweka Misima yake humo, na udongo ule mwekundu na maghala ya mahindi, na sauti za mbuzi alizorekodi kwa mama yake. Nyuma akaiweka milima yenye ukungu wa Bungu. Alikuwa anaipanda hiyo milima yeye mwenyewe, mbio, bila jaketi. Nilimwona mara nyingi akifanya hivyo bila sababu ya kazi.

Katika bonde lile mchezaji anakuta msiba. Maiti imelala ndani imefunikwa shuka, na mzee mmoja amekaa kwenye kigoda mlangoni na fimbo yake. Jeneza halitoki mpaka mzee huyo acheke. Hakuna wa kumpiga wala wa kumuua. Inabidi uzunguke kijijini ukaulize watu marehemu alikuwa mtu wa namna gani, kisha umtafute mtani, uje naye, mumwigize marehemu mlangoni. Sauti ya mtani ni yangu. Nilimdai anibadilishie kioo cha runinga, akabadilisha.

"Catherine anauliza zimwi liko wapi," akaniambia siku moja, akisoma ujumbe.

"Mwambie ni huyo mzee."

Alicheka, akaandika hivyo hivyo. Catherine akakubali.

Mzee wa kwenye gemu alikuwa baba yake. Kikohozi chake, kofia yake, namna ya kuegemeza kidevu kwenye fimbo, vyote alivitengeneza kwa kumbukumbu. Lakini kicheko hakukikumbuka. Kakaye Jabiri alikufa kwa ugonjwa ule ule Sabiri akiwa bado mdogo. Siku hiyo watani walipofika Misima wamejipaka majivu, Mzee Mdoe alisimama mlangoni na fimbo, akasema hapa leo hakuna mchezo. Wakarudi. Jabiri akatolewa kimya kimya, na tangu hapo mzee hakucheka tena.

"Kaka alizikwa bila mtani," Sabiri akaniambia. "Msiba ule haujaisha, Mama Ritha. Umekaa pale pale."

Nikamwambia tukamchekeshe basi, kwani ni kazi gani. Tukapanda basi la Handeni kwenda Misima, maiki ndani ya kikapu changu.

Mzee Mdoe tulimkuta amekaa kwenye kigoda kile kile nilichokwisha kukiona kwenye kioo, mpaka nikashtuka. Nikampa shikamoo, akaitikia. Mkewe, Bibi Mashavu, akatuletea ugali na mlenda. Heshima ilipokwisha nikaanza kazi.

"Mzee, nasikia mahindi yenu mwaka huu yamekataa kuota. Yalimwona anayelima, yakakata tamaa."

"Yaliota," akasema mzee. "Yaliposikia Mnyamwezi anakuja kula, yakarudi chini."

Bibi Mashavu alicheka hadi akashika ukuta. Sabiri akacheka, na mimi nikacheka. Mzee akaendelea kutafuna. Hapo ndipo nilipouona ugumu wa biashara hii: alikuwa na maneno kuliko mimi, ila mwenyewe hayamgusi. Nilimwambia fimbo yake ndiyo inayomtembeza yeye. Akaniambia afadhali yeye anatembezwa na fimbo, mimi natembezwa na tumbo. Ndugu yangu, nilitoa kila nilichonacho dukani.

Mwishowe Sabiri akachoka kuzunguka, akatoa maiki akaiweka wazi. "Baba, nataka kicheko chako."

"Mkipeleke wapi?"

"Kwenye gemu."

"Watu watakisikia bure?"

"Bure, baba."

Mzee akanigeukia. "Na wewe mfanyabiashara umekubali?" Kisha akamtazama mwanawe, jaketi lile, mikono ile. Akasema kwa upole kabisa, "Kicheko si kuku, mwanangu, kwamba nitamkamata bandani nikupe. Wewe upone. Ukipona, njoo na hicho kidude chako, utanikuta nacheka tangu barabarani."

Ugonjwa ule hauponi, na mzee alijua, kwa kuwa alikwisha kumzika mmoja kwa ugonjwa huo huo. Sabiri alifunga maiki taratibu akairudisha kikapuni. Pale Korogwe tuliposhuka ndipo nikamwambia sokoni yuko Mzee Ramadhan, anacheka kwa kikombe cha kahawa, tena kicheko kizuri, tumchukue huyo tumalize.

"Hapana," akasema. "Wote wanaopita kwenye lile bonde watakuwa wanamchekesha baba yangu. Siwezi kuwapa cha mtu mwingine."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitamsubiri."

Akamsubiri. Akamaliza nyumba, akamaliza mashamba, akarekebisha ukungu mpaka ukawa unalowesha majani. Wenzake walimaliza sehemu zao. Kwa mzee alikuwa ameacha kimya kitupu: ukishafanya kila linalotakiwa, mzee anafungua mdomo na hakuna kinachotoka, na jeneza halinyanyuki.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kikali. Asubuhi moja aliniambia kifua kinabana, nikampeleka hospitali kwa bajaji, njiani ananisimulia habari za taa fulani ndani ya gemu ambayo haiwaki vizuri. Siku chache baadaye hakuwa nayo tena pumzi ya kusimulia. Nilimwita Bibi Mashavu akawahi. Mzee alifika Sabiri ameshafunikwa.

Walimchukua kwenda Misima. Jaketi lake lilibaki mgongoni mwa kiti, karibu na mlango wa nyuma. Alilivua siku ile kwa sababu muuguzi alikuja kumpima hapo dukani kabla ya bajaji, akasahau kulivaa. Nikalichukua. Nikachukua na hedifoni zake, nikapanda basi.

Kwa Mdoe watu walikuwa wamejaa. Mzee amesimama mlangoni na fimbo, kama walivyonisimulia ya wakati wa Jabiri. Wanawake waliniona nimevaa jaketi la marehemu, zipu hadi shingoni, hedifoni masikioni. Mmoja akanivuta kanga: "Dada, acha, huyu mzee hataki." Nikajitoa mkononi mwake. Nikaenda nikakaa kizingitini, miguu nimeinyoosha, jeneza liko nyuma yangu tayari kutoka. Nikachukua ungo, nikaupindua mapajani, nikaanza kuugonga kwa vidole kama kompyuta.

"Mama Ritha! Umeme umekatika tena na sijahifadhi!" nikasema kwa sauti ya Sabiri, ile ya puani. "Mama Ritha, kwa nini chai yako ina baridi kuliko Bungu?"

Kuna mtu aliguna huko nyuma.

"Huyu haendi popote," nikawaambia. "Ana kazi zangu. Kompyuta ya mwalimu iko mezani imepasuliwa tumbo, nani ataishona? Halafu huko mnakompeleka mmeuliza kama kuna mtandao?"

"Mnyamwezi," akasema mzee, "toka mlangoni tuzike."

"Sitoki. Nipe changu kwanza."

"Nikupe nini?"

"Unakijua. Nilikuja hapa na kikapu nikarudi nacho kitupu."

Akanitazama. Midomo ilikuwa inamtetemeka. "Hata leo unafanya biashara?"

"Hasa leo, mzee. Leo muuzaji hana nguvu."

Na mzee akacheka. Kilianzia chini, kizito, kama maji kwenye dumu linaloburutwa, kikapanda, kikamtikisa mabega hadi kofia ikaanguka. Watu wote wakacheka pamoja naye. Kilikuwa na mkwaruzo mwishoni, na meno mawili ya mbele yakaonekana, sawasawa na ya Sabiri. Kisha akajifuta uso akasema, "Haya, mchukueni," na wanaume wakalinyanyua jeneza kupita juu yangu.

Maiki ilikuwa Korogwe, kwenye droo. Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, chumbani kwa Bibi Mashavu. Nilikuwa nimepata mzigo nilioufuata, na sina chombo cha kuubebea.

Mwanangu Ritha ndiye aliyenisomea ujumbe wa Catherine. Alitoa pole, tena pole ya kweli. Akasema nyongeza iko karibu kutoka, na kama kicheko hakipo wataweka kingine. Nikamjibu asubiri. Sikujua anasubiri nini.

Baada ya arobaini Mzee Mdoe alifika dukani peke yake. Alisema amekuja mjini kwa mambo yake. Nikamketisha kwenye kiti cha Sabiri, nikamfungulia bonde. Alilitazama kwa muda mrefu, maghala, mbuzi, wanawake wanatwanga. Akamfikia yule wa kwenye kigoda.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Amenizeesha."

"Amekupunguzia, mzee. Alikuwa na huruma."

"Anangoja nini?"

"Kicheko."

Akaegemeza kidevu kwenye fimbo. Kisha akasema, "Leta kile kidude."

Nikaiweka maiki mbele yake. Akajaribu. Kikatoka kikohozi. Akasema ngoja, akavua kofia, akajaribu tena, na hakikutoka kitu. Mara ya tatu alikuwa anatazama milima kwenye kioo, ukungu unashuka. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilianza kama kile cha mlangoni, kile cha dumu, halafu kikavunjika katikati kikawa kitu kingine nisichokijua jina. Alipomaliza akajifuta kwa mkono wa kanzu.

"Kinatosha?"

Mimi huwa sipokei kitu bila kukigeuza huku na huku na kukitafutia kasoro. Nikasema, "Kinatosha, mzee."

Nyongeza ilitoka. Ritha ananisomea wanayoandika wachezaji. Wanabishana. Wengine wanasema mzee anacheka, wengine wanasema analia, na wako wanaosema sauti ni mbovu irekebishwe. Catherine aliuliza kama tuisafishe. Nikamwambia aiache.

Sauti ile ikiisha, jeneza linanyanyuka, na bonde zima linaelekea makaburini, ukungu umewafunika magotini. Kwenye chumba cha gemu wateja huwa wanafika hapo mara kwa mara. Nikisikia wanakaribia, natoka mbele. Dukani hakukosekani kazi.