Kikapu cha Mama Mnadani

Jana niliingia kwenye duka moja la Lushoto linalouza vikapu vinavyosukwa na wajane, nikitafuta zawadi ya harusi. Harufu ya ukindu uliosukiwa vikapu hivyo ikanirudisha kanisani kwetu Mlola, nikiwa mtoto.

Baada ya ibada vilikuwa vikinadiwa vitu kwa ajili ya yatima: ndizi, kuku, kabichi. Mama, aliyekuwa amefiwa na baba mwaka ule, alitoa kikapu alichokisuka mwenyewe. Shangazi, dada yake baba, akakinyanyua, akacheka.

"Hili tenga la viazi nani atalinunua? Mjane amekosa hata kuku?"

Mama akainamisha kichwa. Mimi nikapanda juu ya benchi.

"Shikamoo, shangazi. Kuku wetu si uliwachukua wewe, siku ulipotufukuza shambani kwa baba?"

Kisha mzee aliyekuwa akinadi akamwambia shangazi, "Basi kinunue wewe, mama." Watu wote wakamwangalia. Akakinunua, akatoka nacho macho chini.

Mama alinivuta sikio mpaka nje. Tulipofika kwenye kona ya mlima alicheka hadi akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Shangazi alizikwa miaka mingi baadaye. Nilienda, nikatupa udongo wangu, na sikulia.