Ukili Uliopotea Nambunda

Nambunda ilikuwa inanuka dizeli, vumbi la mawe lililolowa maji na mihogo ya kukaanga. Harufu hizo zilikupokea kabla hujaliona hata paa moja, ukiwa bado unapandisha kilima kwa miguu kutoka kijiji chetu cha Mbwara. Mwaka mmoja nyuma palikuwa pori tupu, hapaendi mtu isipokuwa warina asali. Ndipo mrina asali mmoja akawa anachimba mizizi ya dawa, akaokota jiwe linalong'aa, akafanya kosa la kumwonyesha shemeji yake. Kufikia masika watu walikuwa wamefurika: kutoka Ngorongo, kutoka Kibiti, mpaka watu wa bara waliokuja na mashine za kusagia mawe na lafudhi ambazo sisi watoto tuliziigiza wakishatupa mgongo. Mji ukaota, wote wa maturubai: msikiti wa turubai, kanisa la turubai, kinyozi, banda la video, na mama ntilie waliouza sahani ya wali kwa bei ambayo Mbwara wangezomewa. Mpunga wetu wa bondeni tukauacha uliwe na ndege. Baba alisema mwaka ule tungevuna dhahabu. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na kila alichosema baba nilikiamini.

Mama hakutaka kuhama. Alikuwa msusi wa mikeka, na wakati ule alikuwa na kazi isiyosubiri, kwani dada yangu Hawa alikuwa ameposwa na mkeka wa harusi ulipaswa kuwa tayari mara baada ya Ramadhani. Kwetu mkeka wa bibi harusi hutandikwa mbele ya wanawake, wakaupapasa na kuukagua, na mama wa binti husifiwa au husengenywa kwa mkeka huo. Mama yangu alikuwa na ukili wake mwenyewe, ule utepe unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka, wa ukindu mwekundu na mweusi, wenye nakshi ambayo sijaiona kwa msusi mwingine yeyote. Waliotaka kujifunza aliwajibu, "Mie sijui kueleza. Vidole ndivyo vinavyojua." Wakadhani anawabania. Lakini ilikuwa kweli, maana alisuka akiwa anatazama kwingine, anafukuza kuku, anagombana na baba, na nakshi inajitokeza yenyewe. Ukindu wake akaubeba kichwani mpaka Nambunda, akaendelea kusuka mlangoni pa turubai letu.

Hapo mlangoni ndipo Masanja alipomwona. Huyu alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mtu mpole wa bara, mwenye kofia ya pama. Alisimama akamtazama mama kwa muda, kisha akasema, "Mama Hawa, mikono yako imetulia. Nina kazi haitaki mtu mwenye pupa." Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Mchanga wenye dhahabu ulichanganywa na zebaki, ukakamuliwa kwenye kitambaa, likabaki tonge dogo jeupe. Tonge hilo lilichomwa taratibu mpaka zebaki yote iishe kwa moshi na dhahabu ibaki peke yake. Mama aliiona ni kazi ya jikoni kama nyingine, akaifanya kijikoni: akatia tonge kwenye kaango, akawasha jiko la mkaa, akafunga mlango ili upepo usimpeperushie moto. Moshi ule haukuwa na harufu yoyote. Masanja alisubiri nje, upande upepo unakotokea, kitambaa puani, nasi tukamcheka kwamba watu wa bara wanaogopa hata moshi wa jikoni. Siku hizi nikilikumbuka lile tabasamu lake juu ya kitambaa, napata hasira ambayo sina pa kuipeleka. Kaango lilelile, likishasuguliwa kwa majivu, tulikaangia samaki.

Lilianza kutetemeka dole gumba la mkono wa kushoto. Mama akalichekea, akasema ni uchovu. Halafu ukindu ukawa unamponyoka, na ukili ukatoka umelegea. Akawa anafumua na kusuka upya, anafumua na kusuka upya. Mkeka ulikuwa umebakiza sehemu ndogo tu. Shangazi, dada yake baba, akatoa hukumu kwamba ni jini la dhahabu linadai haki yake. Baba akanunua mbuzi, mama akapelekwa kwa mganga Ngorongo, akafukizwa ubani, akapigiwa ngoma. Aliporudi aliingia kijikoni akaendelea kuchoma, maana hapakuwa na mtu aliyemwambia aache.

Asubuhi moja aliniita, akaniketisha mbele yake, akanitia ukindu mkononi. "Pitisha huo mwekundu juu. Siyo hapo. Rudi nyuma." Nikarudi nyuma. Akaishika mikono yangu kwa mikono yake ili aniongoze, ikawa tunatetemeka wote wawili, na nakshi haikutokea. Tulijaribu mpaka jua likawa kali. Mwisho akaniachia. "Imenitoka, mwanangu. Naitafuta kichwani siioni." Akalia, mama yangu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata msibani. Siku ya harusi mkeka ulitandikwa ukiwa umemaliziwa na shangazi kwa ukili wa kawaida. Wanawake waliupapasa wakisifu, wakafika kwenye kiungo, mikono ikasita. Mama alikuwa amekaa pembeni, ameikalia mikono yake ili wasiione.

Dhahabu haikufika mwaka wa pili. Watu wa bara wakapakia mashine zao, Masanja akaondoka bila kuaga, maturubai yakang'olewa. Miaka mingi baadaye, hospitalini Kibiti, daktari mmoja binti mdogo alimuuliza mama aliwahi kufanya kazi gani, na mama alipomweleza, akaiweka kalamu chini. Kwa huyo ndiko tulikosikia kwamba moshi ule ulikuwa sumu.

Nambunda leo ni mashimo yaliyojaa maji na ng'ombe wa wafugaji wanaokunywa humo. Vijana wa Mbwara wanaambiana kwenye simu kwamba chini dhahabu bado ipo. Wananijia, kwa vile nimezeeka kidogo, waniulize kama ni kweli sisi tuliipata. Tuliipata. Baba aliezeka nyumba kwa bati, na bati lile halijavuja hata masika moja. Mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki. Niliacha kazi yangu ya cherehani Kibiti nikarudi chini ya bati hilo, na hapo ndipo ninapomlisha mama wali kwa kijiko, kwa kuwa mikono yake haifikishi tena tonge kinywani. Akishiba ananitazama, anasema, "Nisamehe, mwanangu, nakusumbua." Kila siku ananiomba radhi mimi. Wa kumwomba radhi yeye hajaja.