Kengele ya Pili

Katika nyumba ya kutafakari, Bi Kengele alifagia ukumbi, akapanga mito ya kukalia na kugonga kengele. Kengele ya kwanza ikilia, wote hufumba macho. Hakuna kufumbua wala kunyoosha mguu mpaka ya pili. Fundi cherehani, mzee wa magoti mabovu aliyeketi karibu na kengele, humnong'oneza kila siku, "Mama, leo usitusahau."

Mwalimu, mwanamke mpole kupindukia, alifundisha maneno ya Kisanskriti ya mafundisho ya Buddha. Anitya, hakuna kinachodumu. Duhkha, mateso ya kuishi. Karuna, huruma. Maneno hayo yalimkuta Bi Kengele mjane, hana mbele wala nyuma, yakamshika mkono. Alipewa chumba cha uani na sahani ya chakula. Siku hizi yanamkaba koo. Akiomba likizo, anajibiwa kshanti, uvumilivu. Akisema amechoka, virya, juhudi. Utagombana vipi na mtu anayekunyima kwa neno takatifu, tena anatabasamu?

Asubuhi hiyo dada yake alipiga simu. Mama yao hali chakula tena, anamuulizia yeye tu. "Njoo leo, mdogo wangu. Kesho sijui."

Akamfuata mwalimu ukumbini, watu wakiwa wameshaketi.

"Mwalimu, naomba ruhusa. Mama yangu yuko taabani."

"Pole sana, mwanangu. Lakini hiyo ndiyo upadana, kung'ang'ania. Kaa nayo kwanza. Tutazungumza wiki ijayo."

"Wiki ijayo atakuwa hayupo."

"Anitya," mwalimu akasema taratibu, akaenda kuketi mahali pake.

Bi Kengele alibaki na nyundo ya kengele mkononi, hasira imemjaa kifuani. Miaka yote hiyo humu ndani wanaviombea heri viumbe vyote, kumbe mama yake hakuwemo. Akagonga. Macho yote yakafumbwa, ya mwalimu yakiwa ya kwanza. Ndipo alipong'amua kwamba hakuna hata mmoja anayemwona.

Akavaa kandambili zake, akafika langoni, akakumbuka magoti ya fundi. Akarudi kwa kunyata, akamwekea mzee nyundo mapajani. Fundi akaipapasa, macho bado kayafumba, akatabasamu.

Kengele ya pili ilimkuta Bi Kengele barabarani, mapema kuliko siku zote. Hakugeuka. Alikuwa akikimbia huku analia, akimwambia mama yake asubiri kidogo tu, anakuja.