Geti Pana la Al Rigga

Mimi nauli niliijua kuliko waliokuwa wakiitoza. Ndivyo nilivyojisifu, na katika kambi yetu ya walinzi kule Jebel Ali, Dubai, hakuna aliyenibishia. Kila Mkenya mgeni aliyefika aliletwa kitandani kwangu kupewa darasa la metro. Nilimwambia asiguse tiketi nyekundu ya karatasi, hiyo ni ya watalii, wanatozwa zaidi kwa safari ile ile. Anunue kadi ya rangi ya fedha, aiwekee pesa kidogo kidogo. Metro inatoza kwa kanda, kwa hivyo ukishuka kituo kimoja kabla ya mpaka wa kanda na kumalizia kwa miguu, umeokoa. Ukitoka kwenye treni ukaingia basi upesi, wanakuhesabia safari moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, niliwaambia, na wao wakainama.

Kumalizia kwa miguu! Niliyasema hayo kirahisi kwa sababu miguu nilikuwa nayo.

Kazi yangu ilikuwa kulinda ghala la vigae. Siku moja mzigo uliteleza kwenye foklifti ukanishukia mguu wa kushoto. Hospitalini walifanya walichoweza, na walichoweza kilikuwa kukata vidole vyote pamoja na kipande cha unyayo. Nilitoka na kiatu kilichojazwa sponji na mwendo wa bata. Arbab, yaani bosi wetu, hakunifukuza, hilo niliseme. Alinitoa getini akaniketisha kwenye kibanda cha kutazama kamera. Wenzangu wakaniambia nimshukuru Mungu, nina bahati, na mimi nikawanunia wote.

Nyumbani sikusema. Mimi ni kifungua mimba, baba alituacha nikiwa bado shule ya msingi, na mama alikuwa akisimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba mwanawe analinda bandari ya Waarabu, kana kwamba bila mimi meli zingeibwa. Mama kama huyo ungemwambia nini? Nilimpigia kila Jumapili jioni, simu ya video, uso peke yake. Aliniuliza kama ninakula vizuri. Nikamjibu ninakula. Tukazungumza mvua, kuku na karo ya watoto wa dada zangu, kisha tukaagana.

Shida ilikuwa kliniki. Kila wiki nilitakiwa mtaa wa Deira, karibu na kituo cha Al Rigga, kubadilishwa bendeji na kunyooshwa mguu. Kutoka Jebel Ali hadi huko unapita kanda baada ya kanda, nauli ya juu kabisa, kwenda na kurudi, na ujanja wangu wote wa kushuka mapema haukunifaa tena. Mwenzangu wa chumbani, Mganda wa Masaka, mlokole mwenye upole wa kuudhi, ndiye aliyeniletea habari. Alisema kuna kadi ya buluu, yenye picha na jina la mwenyewe. Wanafunzi na wazee wanalipa nusu, na wenye ulemavu hawalipi kitu. Nikamwuliza mlemavu ni nani humu ndani. Alitazama tu kiatu changu. Nilimtukana matusi ambayo hata leo nikiyakumbuka uso unaniwaka, na yeye asubuhi akanitengenezea chai kama kawaida.

Mwishowe nauli ilinishinda, nikaenda kuomba. Katika makaratasi yao hawakuandika kilema, waliandika jina la heshima, watu wa ari. Ari gani, na mimi niliingia ofisini nimejibanza ukutani ili nisionekane nikichechemea? Nilipeleka picha niliyopigwa nikiwa nimenuna, na sura hiyo hiyo ya kununa ndiyo iliyochapwa kwenye kadi.

Jamani, kadi ile. Mimi, mwalimu wa kubana nauli, nilikuwa nimepata kitu ambacho hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kukiota: Dubai nzima, bure. Ningekuwa mtu mwingine ningetamba kambi nzima. Badala yake niliificha ndani ya kifuniko cha simu na sikumwonyesha mtu. Nilipita geti pana, lile la viti vya magurudumu na masanduku ya wasafiri wa uwanja wa ndege, kwa sababu yale membamba hufunga haraka na mguu wangu hauna haraka. Pale Al Rigga kulikuwa na mhudumu mmoja, dada wa Kifilipino, aliyenizoea baada ya safari chache. Akiniona tu natokea kwenye ngazi za umeme, alinifungulia, akanisalimia, akaniuliza mguu. Nilimwitikia kwa kidevu. Alinitendea wema kila wiki, nami sikumpenda hata kidogo, kwa kuwa alikuwa shahidi.

Basi kitinda mimba wetu akapata kazi ya kutandika vitanda katika hoteli. Mama alinitangazia kwenye simu kwa furaha, akasema sasa nitapata mtu wa kunipikia ugali. Nikauliza ni wapi. Al Rigga, akasema. Mahoteli yamejaa kila mahali, hata mtaa wa Garhoud yapo, na Mungu akaona amlete msichana mlangoni pa kliniki yangu.

Ijumaa yake ya kwanza ya mapumziko nilikwenda kumchukua nimpeleke kanisani Jebel Ali, ambako ibada huwa Ijumaa. Asubuhi hiyo nilifanya mazoezi chumbani ya kutembea wima, kutoka mlangoni hadi dirishani, Mganda akinitazama kutoka kitandani. Nilivaa suruali pana inayofunika viatu. Kwenda nilitumia kadi ya bure, sikuwa mjinga. Nilipopita mageti ya Al Rigga nikaitumbukiza ndani ya soksi, nikatoa kadi yangu ya zamani ya rangi ya fedha na kuiwekea pesa. Nauli kamili, kama wanaume wengine.

Dada yangu alinikumbatia akalia kidogo. Nilimnunulia kadi kwenye mashine, kisha darasa likaanza: nyekundu ni ya watalii, fedha ni ya wenye akili, kanda ni hivi, basi ni hivi. Aliitikia kila neno, macho yake usoni pangu, hayashuki hata mara moja. Nikaona nimefaulu. Khalas, yamekwisha, nikajiambia, tutakwenda hivi hivi miaka yote.

Tukaelekea mageti. Nilimtanguliza kwenye jembamba, akapita. Ndipo yule mhudumu aliponiona. Alifungua geti pana mpaka mwisho, akaniita kwa furaha, watu wote wakisikia, kwamba sir nimepotea njia, geti langu ni hili, na leo mguu unaendeleaje.

Nilimwambia amenifananisha. Nilimwambia kwa sauti ninayofukuzia watu ghalani, kwamba simjui na yeye hanijui, na aache kusumbua abiria. Uso ulimshuka. Akasema samahani, sir, akalifunga geti polepole. Mimi nikapiga kadi yangu ya kulipia, nikajitosa kwenye geti jembamba, likanibana kiatu, nikapepesuka mbele ya foleni nzima hadi dada yangu aliponidaka.

Alinivuta kando. Nikaanza kumweleza kwamba mji huu una watu wengi, wahudumu wanachanganya nyuso, na kwamba ule mguu ni viatu vipya tu. Naona haya hata kuviandika hivyo viatu vipya.

"Kaka," akasema, "tembea tu vile unatembea. Tunajua."

Nikamwuliza mnajua nyinyi nani.

"Mama na mimi. Mtoto wa jirani aliye Sharjah alimwambia ukiwa bado hospitali. Mama aliniapisha nisiangalie mguu wako mpaka useme mwenyewe."

Hasira ilinipanda, hasira ya kijinga ya mtu aliyefumaniwa. Nikaanza kumlaumu mama. Jumapili zote hizo ananiuliza chakula, ananihadithia kuku, na kumbe anajua? Anamwogopa nani? Kwa nini asiniambie mimi, mwanawe wa kwanza, anijulie hali kama mzazi? Dada yangu aliigeuza geuza kadi yake mpya mkononi, na nilidhani labda sauti yangu imemtisha.

"Alisema ukijua kwamba anajua, utaacha kupiga simu."

Nikafungua mdomo niseme mama amekosea. Chini yetu treni ya Jebel Ali ilifika, ikapakia, ikaondoka, na mimi bado sijatamka kitu, kwa sababu ningeacha kupiga.