Kovu la Upande wa Kulia

Mume wangu alipougua tumbo, nilishaujua ugonjwa wake kabla hajamaliza kuusema. Alikuwa amelishwa limbwata. Na aliyemlisha nilimjua: yule mama wa Kirundi aliyeuza chai na maandazi sokoni karibu na kambi ya Mtabila, mjane mwenye shingo ndefu kuliko haja.

Ilikuwa miaka ya tisini, kambi zilipojaa wakimbizi na sisi wa vijijini Kasulu tukapata soko la maharage na mihogo karibu na nyumbani. Mume wangu alipeleka mizigo kwa baiskeli. Mwanzoni alirudi na njaa yake. Baadaye akawa anarudi ameshiba, anausogeza ugali wangu pembeni na kusema amechoka. Nilishikwa na wivu, na sikuona sababu ya kuuficha. Nilimsema yule mama kisimani mpaka wenzangu wakawa wanajaza ndoo zao haraka haraka waondoke.

Asubuhi hiyo mume wangu alikataa uji. Alisema kitovu kinamkata, kisha akatapika. Jua lilipofika utosini, maumivu yalikuwa yamehama kitovuni yakashukia chini, upande wa kulia, yakaweka makazi hapo. Alilala amekunja mguu, na ukimwambia aunyooshe anaguna. Akikohoa, analishika tumbo. Mwili wote ulikuwa wa moto.

Mama mkwe akaja na majani ya mgomba aliyoyapasha jikoni. Kwa maoni yake lilikuwa chango: likandwe kwa nguvu, halafu mgonjwa anyweshwe dawa ya kuharisha. Habari za chango sikuziamini, lakini dawa niliiafiki. Nilitaka kila alichokula kule sokoni kitoke, mpaka tone la mwisho la ile chai. Mizizi niliichemsha mwenyewe, nikaileta kikombeni.

Alipoona mikono ya mama yake inakuja tumboni, alipiga kelele.

"Msinikande! Wala sinywi kitu! Hiki ni kidole tumbo. Hata chake kilianza hivi hivi, kitovuni, kikashuka. Wakamkanda, wakamnywesha madawa, kikapasuka ndani, nusura afe."

"Nusura afe nani?" nikauliza.

Homa ilikuwa imemlegeza ulimi. "Walimpasulia hapa," akasema, akaweka kidole penyewe, chini kabisa, karibu na mfupa wa nyonga. "Kovu lake limekaa mshazari."

Mama mkwe akageuka kutazama ukuta.

Mimi ni mwanamke, najua kitenge hufungwa wapi. Pale alipoweka kidole ni chini ya fundo, mahali ambapo mnywa chai hapaoni hata upepo uvume namna gani. Muda wote ule nilikuwa nikitafuta ushahidi, nimenusa mashati, nimewahoji waendesha baiskeli wenzake. Sasa ushahidi ulikuwa umelala kwenye mkeka wangu unatetemeka kwa homa.

Nikasimama na kikombe changu. Nikimwamini kuhusu tumbo, itabidi niamini na lile kovu. Nikilikataa kovu, basi tumbo ni limbwata, na kikombe kiko tayari, na mama yake atanisaidia kumshika. Nilimchukia siku ile, sisemi uongo. Lakini uso wake ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu, na alikuwa ni wangu.

Nikaimwaga dawa nje kwenye migomba, nikawaita shemeji zangu walete machela.

Hospitalini daktari alimbonyeza taratibu upande wa kulia, kisha akaachia ghafla. Mume wangu akaruka. Akabonyeza kushoto, maumivu yakaitika kulia. Akaniuliza kama tumemkanda au kumpa dawa ya kienyeji. Nikasema hapana.

"Afadhali," akasema. "Wengi hufika hapa kimeshapasuka, usaha umejaa tumboni. Nani aliwakataza?"

"Mgonjwa mwenyewe."

"Alijuaje?"

"Muulize akishapona."

Walimpasua jioni hiyo hiyo, na akapona. Kesho yake, akiwa bado hajakaa kitandani vizuri, yule mama akaja wodini. Alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama adabu ya huku inavyotaka, akanisalimu mimi kwanza.

"Amahoro, mama. Ameshatoa upepo?"

"Upepo gani?"

"Huo wa tumbo. Asile kitu mbele haujatoka. Hata mimi walinikatazaga."

Swali lile lilinichoma kuliko kovu. Kuuliza kama mwanaume amejamba ni kazi ya mke, na mke mwenyewe sikujua kwamba huwa linaulizwa. Mume wangu akafumba macho akajifanya amelala. Nikamjibu yule mama kwamba daktari atatuelekeza. Akaweka chupa ya chai juu ya kikabati, akaaga vizuri, akaenda zake. Mgonjwa alikuwa haruhusiwi kunywa, kwa hiyo chai niliinywa mimi. Ilikuwa tamu, tangawizi kiasi chake, na hilo nalo liliniudhi.

Tangu hapo mizigo ya sokoni niliipeleka mimi, kichwani, na maharage yangu niliyauza upande mwingine kabisa wa soko. Mume wangu ndiye aliyenitwika. Yale aliyoyatamka siku ya homa hatukuyarudia, yeye hakukana wala mimi sikumtaka akane.

Siku hizi kambi ni pori na wenyewe walisharudi kwao. Sisi tumezeeka pamoja. Akivua shati kwenda kuoga ninaliona kovu lake, karibu na mfupa wa nyonga, limekaa mshazari. Yule mama sikuwahi kumwona hata bila kilemba, lakini kovu lake ninalitazama kila siku.