Matanga ya Shangazi Awor

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko miji yote niliyokaa, na mpaka leo sijaielewa yote. Wewe unayefunga mizigo kwenda ng'ambo kuwa mwandishi kama mimi, keti kidogo. Basi halitakuacha, na likikuacha lipo jingine.

Nilikuwa kijana, kitabu changu cha kwanza kimetoka. Tembea uone, walisema wazee, nami nilitembea: Nairobi, Lagos, London, mpaka nikasahau ladha ya ugali wa wimbi. Ndipo nikaamua kwenda kijijini kwetu Petta, upande wa Uganda, nikamwonyeshe shangazi yangu Awor kitabu. Mama alifariki kabla sijaota meno, na huyo Awor ndiye aliyenilea.

Nilishuka Busia upande wa Kenya. Siku hizo boda boda zilikuwa baiskeli, na aliyenivusha mpaka alikuwa Ochwo, tuliyesoma naye. Nilidhani angenirukia kwa furaha. Badala yake alivua kofia.

"Pole sana, ndugu. Sisi nasikia kwa redio. Mama Awor alikufa."

Nikauliza amekufaje.

"Redio nasema alianguka kwa mlango ya ghala. Mkono yake ngali na wimbi."

Hapo akili yangu ikavurugika. Maneno hayo yalikuwa yangu! Katika kitabu changu yumo mwanamke wa Petta aitwaye Awor, naye huanguka mlangoni mwa ghala, wimbi mkononi, akafa. Niliyaandika mwenyewe katika chumba cha kupanga, huko mbali. Jina sikulibadilisha kwa sababu nilidhani nampa heshima. Sasa nikajiuliza: je, nimeandika ikawa? Mimi niliyezoea kuwaambia Wazungu kwamba siamini uchawi, nilikaa nyuma ya baiskeli ya Ochwo nikijiona mchawi.

Tororo hali ikawa mbaya zaidi. Kwenye gari la Petta nilipishwa kiti cha mbele, kama anavyopishwa mfiwa. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia ni homa iliyomuua. Mwenzake akakataa, akasema ni ghala. Nilitaka kuwaeleza kwamba hilo la ghala nililibuni mimi, lakini ungeanzia wapi, mwanangu? Nikalia tu.

Uani nilikuta moto wa matanga, kuku waliofungwa miguu, wanawake na unga wao, mizigo ya kuni. Ila hapakuwa na kilio. Watu walikaa wakitazamana kama waliofika arusini wakakuta hakuna bibi arusi. Na katikati yao, juu ya mkeka, alikuwa shangazi Awor akipepeta wimbi, mzima kabisa, amenuna.

Nilipiga magoti nikamshika miguu. Nilicheka na kulia, sijui nilianza na kipi.

Jirani yetu ndiye aliyenifafanulia. Redio moja ya huko ilikuwa imesoma sura ya kitabu changu kwa lugha yetu, mara tu baada ya matangazo ya vifo. Saa ya matangazo hayo kwetu hata mtoto hakohoi. Ukishasikia jina na kijiji, huulizi zaidi, unabeba kuni unatoka. Wengine walitoka Molo, ile ya kwetu Tororo, kwa miguu.

Nilimwomba shangazi radhi kwa kulitumia jina lake. Alijibu kwa Kiswahili chake cha mpakani, makusudi, ili wageni Wateso waliotoka Molo, wasioielewa vizuri lugha yetu, nao waisikie aibu yangu.

"Jina si kitu. Kufa, nitakufa. Lakini mimi nasikiliza hiyo redio mpaka mwisho. Walichimba kaburi, waliimba, walikula. Mimi nangoja. Nasema, sasa Okoth nakuja. Okoth hakuja."

Nilimwambia ile ni hadithi tu. Kijana wa kitabuni, niliyempa jina langu, alikuwa nchi za mbali, akakosa nauli.

Aliacha kupepeta.

"Nani alimnyima nauli? Si wewe nalikuwa na kalamu?"

Mwanangu, nimeulizwa maswali na wasomi kwenye kumbi ambazo viti vyake vilikuwa laini kuliko kitanda changu, na wote niliwajibu, mengine kwa uongo. Kwa lile niliinama nikaokota punje za wimbi mkekani. Maji yalikuwa yamemwagika, kitabu kimechapwa. Nilijua tu kwamba nilikuwa na uwezo wa kumleta yule kijana nyumbani kwa sentensi moja, na sikumleta. Labda nilifanya hivyo ili hadithi iwe nzuri. Au labda nilikuwa najijua kuwa si mtu wa kurudi, na hilo ndilo lililomwuma shangazi. Bado sijui.

"Keti," akasema. "Watu wamekuja na kuku. Wewe nalala hapa kwa mkeka, kama mfiwa."

Nililala pale. Wenye wimbo wakauimba, kuku wakaliwa, na marehemu ndiye aliyegawa nyama. Tangu hapo kila safari yangu ilikuwa na marejeo, na Awor alipokuja kufa kweli, miaka mingi baadaye, nilikuwa nimemshikia kikombe.

Basi nasaha yangu ni hii. Nenda, na uandike bila woga, hata utuandike sisi. Lakini usimfanye mtu wako kuwa hadithi huku yeye anakungoja mlangoni. Rudi akiwa hai, akugombeze, ule chakula chake. Mwacha asili ni mtumwa, hata akiwa na vitabu kumi.

Na mimi, kama unavyoniona, sina siku nyingi. Najua utaniandika. Ukifika mahali ninapokufa, mwanangu, usijinyime nauli. Jilete uani, umebeba kuni.

Mungu akufungulie njia ya kwenda, na ile ya kurudi asiiache ikaota nyasi. Haya, basi hilo linapiga honi.